Nimejiandikisha kilomita 42 za Moshi na ugoko unauma, niendelee au nishuke 21?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni dada wa miaka 33, naishi Mbezi, Dar. Nilianza jogingi mwezi wa tano na klabu ya mtaani kwetu, sa hizi nakimbia mara 4 kwa wiki kilomita 6 mpaka 8, ndefu kuliko zote nimefika 14. Mwezi uliopita kwa mzuka tukajiandikisha Kilimanjaro Marathon, mi nikaweka 42. Sasa ni mwanzo wa Novemba na mbio ni mwisho wa Februari. Ugoko wa kulia unauma kwa ndani, nikianza kukimbia unauma, nikishapata moto unapoa, alafu jioni unarudi. Nimekuwa nameza diklofenaki kabla ya kutoka na inasaidia. Wenzangu wanasema lazima Januari tukimbie 42 nzima ili kujipima. Pia walinambia ninywe maji mengi sana, siku ile ya 14 nilikunywa kama lita 3, nikarudi kichwa kinagonga, tumbo limejaa, vidole vimevimba mpaka pete haitoki. Nina kilo 72 na nataka kupungua kwahiyo nimeacha wali na ugali, nakimbia bila kula. Mume wangu anasema niachane nayo kabisa. Lakini Akhwari alimaliza na goti limeumia, mi nishindwe na ugoko? Niendelee au nishuke 21?"

Marahaba dada. Naomba nianze na jibu lenyewe: 42 usiifute leo, ila leo hiihii acha diklofenaki, acha kukimbia kwa wiki mbili, rudisha wali wako mezani, na uamuzi wa 42 au 21 tuusogeze mpaka wiki ya Krismasi, ugoko ndio utakaoamua. Ukinilazimisha niseme leo naegemea wapi, naegemea 21. Sina wasiwasi na moyo wako wala pumzi yako, miezi sita ya jogingi hivo vipo vizuri tu. Wasiwasi wangu ni mfupa.

Mtu anapoanza kukimbia, mwili haubadiliki wote kwa mwendo mmoja, na hapa ndo watu wengi wanapoumia. Vya kwanza kubadilika ni damu na moyo, ndani ya wiki chache tu damu inaongezeka maji, moyo unasukuma nyingi zaidi kwa kila pigo, misuli inajifunza kutumia oksijeni vizuri, ndio maana ile kilomita 3 iliyokuwa inakutoa ulimi mwezi wa tano, mwezi wa saba ulikuwa unaimaliza huku unapiga stori. Kano zinakuja nyuma, mifupa ndio ya mwisho kabisa. Mfupa ukipata mzigo mpya hauongezi tu tabaka juu, kwanza kuna chembe hai za mwili zinazoula ule mfupa wa zamani na kuutoa, alafu zinakuja zingine kujaza mpya, na mzunguko huo mzima unachukua kama miezi mitatu minne. Ni kama barabara inayokarabatiwa, wanachimba kwanza ndipo wamwage lami, sasa we ukipitisha malori wakati imechimbwa, usishangae ikititia. Kwahiyo kuna kipindi ambacho pumzi inakwambia ongeza na mfupa uko kwenye hali dhaifu kuliko hata siku ulipoanza. Na kila ukiongeza kilomita, kazi ya kuchimba inaanza tena sehemu mpya, sio kwamba miezi sita ikipita basi umemaliza.

Ugoko wako kwa ulivoueleza (unauma mwanzo, unapoa ukipata moto, unarudi jioni, upande wa ndani) unafanana sana na ile hali ambayo ukingo wa mfupa wa ugoko umechoka na kukereka pale misuli ya kigimbi (nyuma ya mguu chini ya goti) inapovuta. Ikikamatwa mapema inapona vizuri bila mambo makubwa. Tatizo ni kwamba iko njia moja na ufa wa uchovu, yaani mfupa unapata ufa mdogo sana bila kuanguka wala kugongwa, kwa kurudiarudia mzigo tu, na huo ukiupata, mbio ya Februari umeshaiaga, hapo tunaongelea wiki 6 mpaka 8 bila kukimbia, wakati mwingine zaidi.

Naomba ujipime hivi kesho asubuhi kabla hujameza kitu. Kaa chini, pitisha kidole gumba taratibu ukingo wote wa ndani wa ugoko kuanzia juu ya kifundo. Kama maumivu yametapakaa eneo refu, urefu wa vidole vitatu vinne au zaidi, hiyo ni dalili nzuri kidogo. Kama kuna sehemu moja tu, ukiibonyeza unaruka, ukisogeza kidole pembeni hamna kitu, hiyo siipendi. Kama usiku ukiwa umelala tu unauma, au ukitembea kwenda dukani unauma, usijaribu hata kuruka, nenda ukaonwe. Kama havipo hivyo, simama kwa mguu wa kulia ruka mara chache palepale, ukisikia unachoma sehemu ileile moja, acha na nenda ukaonwe. Na ukienda mwambie daktari kabisa kwamba unakimbia na umeongeza kilomita, kwasababu eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi inatoka safi wakati ufa upo. Watu wanarudi nyumbani na picha safi wanaendelea kukimbia wiki mbili tatu, mfupa unaachia. Ikibidi, picha ya MRI ndo inaonyesha mapema, ni ghali najua, ila kama haiwezekani basi tunatibu kana kwamba ufa upo, yaani unapumzika, alafu eksirei inarudiwa baada ya wiki mbili tatu.

Sasa diklofenaki. Unasema inasaidia, na mi nakuamini, inaondoa maumivu kweli, ila maumivu yale ndo taarifa pekee uliyonayo kuhusu mfupa. Ukiyazima kabla ya kutoka unakimbia kilomita 8 ambazo mwili ungekukatalia kwenye ya 3. Zaidi ya hapo kuna figo. Ukikimbia kwenye joto la Dar damu nyingi inakwenda kwenye ngozi na misuli, figo zinapata kidogo, na mwili una kemikali zake za kuhakikisha mishipa ya figo inabaki wazi kipindi hicho, diklofenaki na ibuprofeni zinazuia kemikali hizohizo. Ongeza na jasho, ongeza na tumbo tupu maana hula kabla ya kutoka, hapo figo na utando wa tumbo vyote umeviweka pabaya. Siku ya mbio ndo usiguse kabisa, hata akikupa mtu unayemwamini.

Nije kwa mzee wetu Akhwari maana najua hilo ndo lililo moyoni. Kwenye marathon ya Olimpiki ya Mexico City 1968 John Stephen Akhwari aliumia ndani ya mbio, alianguka, goti likateguka, akafungwa bandeji akaendelea, akamaliza kwa saa 3 dakika 25, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda, kati ya wakimbiaji 75 walioanza waliomaliza ni 57 na yeye ndo alikuwa wa 57. Namheshimu sana na hadithi ile inanigusa kila nikiisikia. Lakini alifika kwenye mstari wa kuanzia mzima, akiwa ameandaliwa, na alichokifanya alikifanya kwenye mbio ya maisha yake kwa nchi yake. Hakufanya vile Jumanne ya Novemba kwenye mazoezi. Ukitaka wa kumwiga kwenye mazoezi, angalia subira ya Alphonce Simbu, Mtanzania mwenzetu wa marathon, shaba ya dunia alipata London 2017, dhahabu ameichukua Tokyo Septemba 2025 kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Miaka minane kati ya medali moja na nyingine, na katikati hapo kazi tu.

Kitu ambacho hukukiuliza lakini nimekisoma kati ya mistari: unakimbia na klabu, na klabu za jogingi zetu nyingi zinakimbia mwendo mmoja tu, ule wa kuimba mwanzo na kushindana mwisho. Kila siku ni ngumu kiasi, hakuna siku nyepesi kweli. Wakimbiaji wakubwa duniani, kama asilimia 80 ya mazoezi yao ni mwendo mwepesi, hata Wakenya wa kule Iten na Kaptagat ukiwaona asubuhi wanavoanza unaweza kudhani wanatembea. Kwako mwendo mwepesi maana yake unaweza kutamka sentensi nzima ndefu bila kukata katikati. Ukishindwa, punguza, ikibidi tembea dakika moja. Najua inaleta aibu kuachwa na kundi, lakini mwendo ule ndo unaojenga mishipa midogo ya damu kwenye misuli na kuufundisha mwili kuchoma mafuta, na mzigo kwa mfupa unakuwa unavumilika. Tafuta mwenzako mmoja wa kukimbia naye nyuma, hata kwa usalama wa alfajiri ni bora kuliko kuwa peke yako.

Kuhusu maji niseme kwa ukali kidogo maana siku ile ulikuwa karibu na hatari kuliko unavyojua. Kichwa kugonga, tumbo kujaa, vidole kuvimba pete haitoki, baada ya lita 3 kwenye kilomita 14, hizo zinafanana sana na dalili za kunywa kupita kiasi. Ukinywa zaidi ya unachotoa, chumvi ya kwenye damu inazimuliwa, maji yanaingia kwenye chembe hai za mwili, zinavimba, na ubongo uko ndani ya fuvu hauna pa kuvimbia. Ikizidi mtu anatapika, anachanganyikiwa, anapata degedege, anaweza kufa. Boston Marathon ya 2002 walipimwa damu wakimbiaji 488 waliomaliza, asilimia 13 chumvi yao ilikuwa imeshuka, na waliokuwa kwenye hatari zaidi ni wale walioongezeka uzito wakati wa mbio, na wale waliokaa barabarani muda mrefu, yaani watu wa kasi yako na yangu ambao wana muda wa kunywa kila meza. Na diklofenaki inaongeza hatari hii pia kwasababu inafanya figo zishikilie maji.

Kwahiyo kunywa ukiwa na kiu, basi. Ukitaka kujijua vizuri, jipime uzito kabla na baada ya mbio ndefu: ukirudi umepungua nusu kilo mpaka kilo moja na kitu uko sawa, ukirudi umeongezeka ulikunywa sana. Kwa zaidi ya saa moja na nusu weka maji ya ORS au kitu chenye chumvi, ila chumvi haikulindi kama bado unakunywa kupita kiasi. Na mwenzako akichanganyikiwa mwisho wa mbio huku amevimba mikono, usimpe maji kwa nguvu, mpeleke kwa watu wa tiba haraka.

Chakula sasa, hapa mfupa unarudi tena. Mbio zinachoma takriban kalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, kwahiyo kilo 72 mara 42 ni kama kalori 3,000. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, ukiwa umeshiba vizuri siku mbili kabla, ni kama kalori 1,600 mpaka 2,000. Mafuta yanachangia, lakini yanaungua polepole, ndio maana watu wengi wanakata moto kuanzia kilomita ya 30, miguu inakuwa mizito ghafla na akili inataka kulia. Ukienda bila wali wala ugali, wewe unaweza kukata moto mapema zaidi ya hapo. Ila kuna baya zaidi ya hilo: mwili ukikosa nguvu ya kutosha kwa miezi unaanza kubana matumizi, na kwa mwanamke vya kwanza kubanwa ni homoni za hedhi na ujenzi wa mfupa. Kwahiyo unaukimbiza mfupa na wakati huohuo unaunyima matofali. Kama siku zako zimeruka au zimebadilika tangu uache wanga, hilo peke yake ni sababu ya kumwona daktari, na akupime wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma, wanawake wanaokimbia wanapungukiwa sana na wanadhani ni uvivu. Kupungua subiri baada ya Februari. Sa hizi kula: wali, ugali, viazi, maharage, dagaa (wale wadogo wa kula na mifupa yao wanakupa kalsiamu nzuri), maziwa ukiyaweza. Kabla ya mbio ndefu ndizi mbili na chai yenye sukari, na ukizidi saa moja na nusu barabarani uwe unapata gramu 30 mpaka 60 za wanga kila saa, ndizi mbivu moja ya wastani ni kama 25, tende nne tano zinakaribia hapo. Jaribu kwenye mazoezi utumbo uzoee, usianze kitu kipya Moshi.

Kukimbia 42 Januari kujipima, hapana. Hakuna unachopata kwenye kilomita ya 30 mpaka 42 ya mazoezi ambacho mwili hautakulipisha wiki tatu nne za uchovu, na kwa mwendo wako, tuseme dakika 7 na nusu kwa kilomita, 42 ni zaidi ya saa 5. Mbio ndefu ikipita saa 3 na nusu hasara inaanza kuizidi faida. Kwa hesabu hiyo ndefu yako kuliko zote ni kama 28, tena wiki tatu kabla, baada ya hapo unapunguza tu. Zile 14 za mwisho zitabebwa na mapumziko, chakula na watu wa Moshi wanaoshangilia barabarani.

Ratiba naiona hivi. Wiki hizi mbili baiskeli, kuogelea kama unajua, kutembea kama hakuumi, na kila baada ya siku moja au mbili unanyanyua visigino umesimama kwenye ngazi, goti limenyooka na kisha limepinda kidogo, mpaka ufike mara 20 mguu mmoja bila shida, maana kigimbi chenye nguvu kinaupokonya mfupa sehemu ya mzigo. Angalia na raba zako, kama ni za mtumba bonyeza soli ya katikati, zikiwa ngumu zimekufa hata kama juu zinang'aa. Katikati ya Novemba unarudi kwa kukimbia dakika 2 kutembea 1, siku moja ndio siku moja hapana, na sheria ni kwamba maumivu ya asubuhi inayofuata yasizidi ya jana. Wiki ya Krismasi, kama umekimbia 16 mwendo mwepesi na asubuhi yake ugoko umekaa kimya, 42 bado ipo, tunapanda 18, 20, tunashuka 15, alafu 23, 26, tunashuka tena, alafu 28 mwanzoni mwa Februari. Kama haujatulia, waandikie waandaaji mapema uulize kubadilisha kwenda 21 na uifurahie, Moshi haihami.

Na uijue njia yenyewe, wengi wa Dar wanaogopa hewa nyembamba wakati Moshi mjini hata mita 1,000 haifiki, hewa haitakusumbua. Kinachowamaliza watu wa 42 ni kwamba nusu ya kwanza inapita barabara kuu upande wa Dar, tambarare kiasi, unajiona bingwa, alafu nusu ya pili unapandishwa kuelekea Mweka jua limeshatoka, na ukishapanda unateremka kurudi uwanjani. Kuteremka ndo kunachana mapaja, misuli inafanya kazi huku inavutwa. Kwahiyo Januari mara moja kwa wiki tafuta vilima, Goba au Pugu, panda polepole na uteremke kwa hatua fupifupi. Siku yenyewe kilomita 10 za kwanza zikimbie taratibu mpaka uone unachelewa, na kwenye kilima kutembea ni ruksa kabisa.

Mwisho, vitu ambavyo usiniulize mimi, nenda moja kwa moja hospitali: maumivu ya kifua au kuzimia ukiwa unakimbia, moyo kwenda ovyo, au kama kwenye familia kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana (hapo upimwe moyo kabla ya kuongeza kilomita hata moja), choo cheusi kama lami baada ya zile diklofenaki, mkojo wa rangi ya kola baada ya mbio. Kwa ugoko, kama jaribio la kidole limekupa ile sehemu moja inayochoma, usisubiri wiki mbili ziishe, tafuta mtu wa fiziotherapia au daktari wa mifupa wiki hii, nenda na raba zako na kumbukumbu ya kilomita ulizokimbia tangu Septemba, itamsaidia kuliko maelezo marefu.